Meno Yaliyojaribiwa kwa Kifaransa

Katika chuo cha Qurani cha baba yangu mtoto hakuanza na ubao. Alianza na kinywa. Aliketishwa mbele kabisa ya mkeka, magoti yake yakigusana na ya Fundi, kama watu walivyomwita baba, akaambiwa atazame midomo na asitazame kitu kingine. Baba alitoa herufi, mtoto akairudisha. Ikirudi imepinda, baba aliitoa tena polepole, ulimi ukionekana, mpaka itoke kwa mtoto kama ilivyotoka kwake. Ubao na wino vilikuja baadaye, mtoto akishazihifadhi herufi zote mdomoni. Walikuwapo walimu wengine katika kisiwa chetu cha Nosy Be waliofundisha upesi zaidi, lakini watu wa Hell-Ville, mji wake mkubwa, walimletea baba watoto wao kwa sababu hiyo: mtoto aliyetoka kwake alisoma vilevile kama yeye, herufi kwa herufi.

Hatukuwa watu wa pale. Mimi nilizaliwa Mahajanga, katika mtaa wa Wakomoro, na nilikuwa bado mdogo zilipokuja zile siku za fujo ambazo watu wetu waliuawa njiani, na waliobaki wakapakiwa melini kurudishwa kwenye visiwa ambavyo wengi wao hawakuwahi kuvitia machoni. Baba hakupanda meli hizo. Alitutoa kwa barabara mpaka kaskazini, kwa jamaa za mama, ambao ni Waislamu wa siku nyingi wa Nosy Be. Chuo chake cha Mahajanga kilichomwa pamoja na mbao, mikeka na misahafu. Alifika kisiwani na mke, mtoto mmoja wa kike, na kinywa chake. Akatandika mkeka barazani kwa wakwe zake, akaanza upya.

Nyumbani tulisema Kikomoro cha baba kilichochanganyika na Kimalagasi cha mama, na shuleni nilisoma kwa Kifaransa. Kiswahili ninachoandikia nimekiokota baadaye, katika vyumba vya kupanga vya Zanzibar, Tanga na Mombasa, kwa maana tangu nilipotoka kwetu sijakaa mahali nikatulia. Kwa baba Kiswahili kilikuwa maneno machache ya dini na ya vyombo vya baharini. Kwa hiyo yote watakayosemezana watu hapa waliyasema kwa lugha nyingine. Mimi nayaleta kwa hii.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza baba mapema, nami nikiwa bado shule ya msingi. Kisha moyo. Daktari wa kisiwani alisema mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri, akampa vidonge, akamkataza chumvi. Baba alimeza vidonge vya moyo na kudharau sukari, kwa kuwa moyo aliusikia na sukari hakuisikia. Kisha meno yakaanza kulegea. Hayakuuma. Yalicheza tu kwenye fizi kama vigingi kwenye tope, na kila baada ya muda moja lilibaki ndani ya mkate. Mama alikuwa mtu wa mzaha mkali.

"Usimeze," alimwambia. "Hilo la leo nalihesabu kwenye kitoweo."

Baba alicheka naye, mpaka lilipong'oka jino la mbele la juu. Hapo kicheko kikaisha. Herufi ya tha inataka ncha ya ulimi iguse ukingo wa meno ya juu. Dhal nayo vivyo hivyo. Fa inataka meno hayo yakae juu ya mdomo wa chini. Mtu wa kawaida akikosa jino la mbele anakosa sura. Baba alikuwa anakosa herufi, na herufi ndiyo kazi pekee aliyokuwa nayo. Watoto wakamtazama midomo kama walivyofundishwa, wakaona pengo, wakatoa pumzi tupu.

Hell-Ville wakati huo hakukuwa na mtu wa kutengeneza meno ya bandia, na aliyekuwa aking'oa aliogopa kumgusa mgonjwa wa moyo. Akasema, "Mpelekeni Mahajanga."

Baba alikaa na neno hilo kwa muda mrefu. Alikuwa ameapa asikanyage tena mji ule. Mwishowe mama ndiye aliyeamua. "Walikufukuza ukiwa na meno," alisema. "Nenda ukayafuate." Mimi nilikuwa nimemaliza mitihani yangu ya sekondari na nilikuwa na Kifaransa, basi nikafunga naye safari hiyo niwe mdomo wake.

Tulisafiri kwa meli ya mizigo iliyochukua sukari ya kiwanda cha kisiwani. Hakukuwa na nafasi ila juu ya magunia. Baharia mmoja aliposikia ugonjwa wa baba alishika mbavu kwa kucheka: "Mzee, usilambe godoro lako!" Baba naye akacheka, mkono umefunika mdomo. Alikuwa ameshaanza tabia hiyo ya kufunika mdomo.

Mahajanga tulifikia Amborovy, nje ya mji karibu na uwanja wa ndege, kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Yeye aliponea zile siku kwa kuolewa na Mmalagasi aliyesimama mlangoni na panga na kuapa kwamba ndani hakuna Mkomoro. Shangazi alimpokea ndugu yake, akamshika kidevu, akamwambia afungue mdomo.

"Eh, ndugu yangu. Kuku wangu wanaweza kuingia humo wakalala."

"Nimekuja kutia mlango," baba akasema.

Kutoka Amborovy tulipanda gari mpaka mjini, na kutoka kituoni tulipanda pusipusi, kile kigari kinachovutwa na mtu anayekimbia mbele. Njia fupi ya kwenda kliniki ilipita mtaa wetu wa zamani. Siku ya kwanza baba alimgusa mvutaji begani kwa fimbo, akamwonyesha njia ya kuzunguka. Mvutaji alilalamika jua kali. Tukazunguka, na kila mara tulipokwenda tulizunguka hivyo. Mimi nilitaka kuuona mlango wetu. Nilikuwa na umri wa kutaka kuona vitu vya namna hiyo, na naona sijautoka umri huo mpaka leo. Lakini safari haikuwa yangu.

Daktari wa meno alikuwa Mmalagasi wa nyanda za juu, mwembamba, mwenye mikono safi na maneno ya haraka ya Kifaransa, kwa maana Kimalagasi cha huko kwao baba hakukielewa. Simsemi vibaya. Alikuwa daktari mzuri, na ndiyo sababu ninashindwa mpaka leo kujua hasira yangu niielekeze wapi. Alimpima baba, akawasiliana na daktari wa moyo, kisha akaniambia nimfasirie baba mambo ambayo hakuna aliyewahi kumweleza. Kwamba kwa ule mlango mbovu, uchafu wa kinywa ukiingia katika damu wakati wa kung'oa unaweza kwenda kukaa moyoni. Kwa hiyo kila siku ya kung'oa ni lazima ameze dawa kwanza. Kwamba sukari ikiwa juu fizi haziponi, kwa hiyo hatagusa koleo mpaka ishuke. Kwamba yaliyobaki atayatoa machache machache, asubuhi, mgonjwa akiwa amekula.

"Amekula," alirudia. "Mwambie mara mbili."

Nilimwambia mara mbili. Jumatatu ya kwanza ya kung'oa baba alikwenda amefunga. Alikuwa na mazoea ya kufunga Jumatatu na Alhamisi, na hakuona kwamba jino lina haki ya kuvunja mazoea hayo. Alikuwa amemeza vidonge vyake vya sukari kabla ya alfajiri, na pale kwenye kiti, kabla hata koleo halijatoka kwenye trei, akaanza kutoka jasho, akanitazama kama hanijui, akalegea. Daktari alimtia maji ya sukari mdomoni kwa kijiko.

"Tompoko," alimwambia baba alipozinduka, na hilo ni neno la heshima la Kimalagasi, lakini alilitamka kwa meno yaliyobanwa. "Mungu wako hataki nikuulie hapa."

"Anasemaje?" baba akaniuliza.

"Anasema ule."

Basi alikula. Meno yakatoka, na tukangoja fizi zipone. Zilipona polepole mno. Shangazi alimpikia wali uliopondeka ukawa uji, akamficha asali. Tulikaa Amborovy mpaka majirani wakaanza kuniuliza naolewa lini. Huku nyuma, Hell-Ville, chuo kilishikwa na wanafunzi wakubwa, na kila aliyetoka kisiwani tulimuuliza kwanza habari za chuo kabla ya habari za mama.

Fizi zilipofunga, daktari alijaza kinywa cha baba donge laini la kuchukua umbo la taya. Alitikisa kichwa. Mfupa wa taya la chini, alisema, umeyeyuka mno; sukari na miaka vimeula. Na kinywa ni kikavu. "Meno ya juu yanashikwa na mate," aliniambia. "Baba yako hana mate ya kutosha. Itabidi niyabane vizuri, na niyafanye manene kidogo nyuma ya meno ya mbele." Nilifasiri. Baba alisema afanye anavyojua.

Ikaja siku ya kujaribu. Meno yalikuwa bado yamepandwa kwenye nta, yanaweza kusogezwa huku na huku kwa kisu cha moto. Ndiyo siku pekee ya kurekebisha kwa wepesi, daktari alisema, kwa kuwa nta ikishageuzwa kuwa plastiki ngumu, kazi inakuwa nyingine. Akayatia kinywani. Baba akajiangalia kwenye kioo. Alikuwa kijana tena. Akafunika mdomo, kisha akakumbuka, akauondoa mkono, akatabasamu, na nilimwona daktari naye amefurahi.

"Sasa aseme soixante-six," daktari akasema. Ni sitini na sita kwa Kifaransa. Wao hulitumia kwa sababu limejaa sauti ya s.

Nilimfundisha baba neno lile. Alilitazama kwenye midomo yangu kama mtoto wa chuo, akalirudisha. Akalirudisha tena. Lilitoka safi. Daktari akamwambia maneno mengine mawili matatu ya Kifaransa, yakatoka safi.

Nikasema, "Daktari, yeye ni mwalimu wa Qurani. Ana herufi ambazo Kifaransa hakina. Ulimi unatoka kidogo, unagusa ncha ya meno."

"Vizuri," daktari akasema. "Asome basi. Asome chochote chake."

Nikamgeukia baba. "Anasema usome, Baba. Sura yoyote fupi. Asikie."

Baba alitazama kando ya kiti, kwenye bakuli la kutemea, ambamo maji yalikuwa yanazunguka na uzi mwekundu. Palikuwa na kidonda kidogo kwenye ufizi wake, na nta ilikuwa imekichokoza. Akapitisha ulimi, akaonja damu.

"Hapa?" akasema. "Na damu mdomoni?"

"Sura fupi tu."

"Qurani si kitu cha kujaribia meno."

"Basi zile herufi peke yake. Alifu, ba, ta."

"Hizo ni herufi za nini?" aliniuliza, na alikuwa na sauti ile ya barazani. "Zimeteremka kwa ajili ya nini? Mwambie meno ni mazuri."

Nilitafuta neno la kawaida la nyumbani lenye sauti zile, lakini katika mazungumzo sisi tulizitamka kivivu, kila mtu na s yake. Tha yenyewe baba aliiweka kwa ajili ya kisomo. Daktari alingoja, saa yake mkononi, na nje benchi lilikuwa limejaa watu.

"Anasemaje?"

"Anasema ni mazuri."

Siku chache baadaye nta ikawa plastiki. Daktari alituagiza turudi baada ya mwezi ayakwaruze panapouma, na akasema matamshi yatachukua wiki chache mpaka ulimi uzoee. Baba hakutaka kusikia habari ya mwezi. Chuo kilimngoja. Tulipanda meli ya kwanza iliyokwenda kaskazini.

Hell-Ville walitupokea bandarini. Mama alimwangalia, akazunguka nyuma yake, akarudi mbele. "Meno ya bwana harusi," akasema, "miguu ya babu yake. Sijui nimkaribishe nani." Kesho yake mkeka ulitandikwa. Watoto walijaa mpaka ngazini, wakinong'ona kwamba Fundi amepata meno ya Mzungu. Baba alimketisha mbele mtoto wa kwanza, akafungua kinywa, akasoma sura ya Watu, ile ambayo kila aya yake inaishia kwenye s.

Kila aya ikaishia kwa mluzi.

Ulikuwa mwembamba, wa juu, kama wa birika linalokaribia kuchemka. Na palipotakiwa dhal ilitoka zai. Baba alisita. Akaanza tena. Watoto hawakucheka. Hilo ndilo lililonitisha mimi niliyekuwa nimekaa dirishani. Walimtazama midomo, kama walivyofundishwa, na wakairudisha sura yote na mluzi wake.

Mama alisubiri mpaka watoto walipotawanyika. "Mume wangu amekwenda Mahajanga," alisema, "amerudi filimbi."

"Wiki chache," baba akasema. "Ulimi utazoea."

Ulimi haukuzoea. Ule unene wa nyuma ya meno ya mbele, aliouweka daktari ili meno yashike, uliuzibia ulimi njia. Bila meno, fa na tha hazipo kabisa. Akiwa na meno, zipo zimepinda. Alijaribu yote mawili. Aliwakanya watoto: "Msipige mluzi, semeni s," na hiyo s aliyowaonyesha ilikuwa na mluzi, nao wakaishika kwa utiifu. Wadogo walioanza mwaka ule hawakuwa na nyingine ya kulinganisha. Nilizisikia sauti zao zikitoka barazani wakati wa alasiri, vinywa vilivyojaa meno mazima, wote wakipuliza.

Nilimwambia turudi Mahajanga. Alisema baada ya Ramadhani. Baada ya Ramadhani akakanyaga kombe la chaza, na mguu ule ukawa kidonda kilichokataa kufunga, na daktari wa kisiwani akamkataza safari. Hivyo mwaka ukaisha.

Kila mwaka chuo kilikuwa na siku ya kuhitimisha. Waliomaliza msahafu walisoma msikitini mbele ya wazazi, kisha wadogo nao walisoma sura fupi, na watu wakala wali. Mwaka ule alikuwapo mgeni, shehe mmoja aliyekuja kutoka Ngazidja, kisiwa cha Wakomoro, kutembelea jamaa zake. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, na mama.

Wakubwa walisoma vizuri. Wao walijifunza kabla ya meno. Kisha akainuliwa binti mdogo. Akasoma sura ya Watu. Mluzi wa kwanza, wanawake walitazamana. Nadhani walifikiri ni mapengo ya utoto. Akakaa. Akainuliwa mwenzake. Mluzi. Wa tatu akasoma sura ya Kauthar, na tha yake ikatoka s ya kupuliza, ndefu, ya uhakika, ya mtoto aliyeshika somo lake. Kufika wa nne mwanamume mmoja upande wa pili wa pazia akasema, si kwa sauti kubwa, "Jamani, msikitini mmeingia ndege," na kicheko kikapita safu kwa safu kama watu wanaopokezana ndoo.

Shehe mgeni hakucheka. Aliuliza kwa upole, "Wanangu, nani amewafundisha kusoma hivi?"

Niliwasikia watoto wote wakijibu pamoja, kwa fahari: "Fundi!"

Mama alinishika mkono na hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

Mwenyekiti wa msikiti alikuja baada ya siku chache. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na alikuwa amekaa kwenye mkeka wetu akiwa kijana, magoti kwa magoti. Alibusu mkono wa baba. Alikubali chai. Alisifu meno.

"Fundi," alisema mwishowe, "tumekuchosha. Umetufundisha sisi, na sasa unafundisha watoto wetu. Hata mwili una haki yake."

"Mniambie mnachotaka."

"Hakuna anayekuondoa, Fundi. Tunakupumzisha."

Mama aliitika kutoka jikoni: "Na yule ng'ombe wa Idi, naye mlimpumzisha?"

Mwenyekiti alicheka kidogo, akaangalia chini. Yupo kijana, alisema, amerudi kutoka masomoni Arabuni, ana kanda za wasomaji wakubwa. Chuo kitahamia msikitini. Baba atabaki Fundi, na siku za sherehe ataketi mbele. Baba aliuliza jambo moja tu: "Nikipata kuyatengeneza haya meno?" Mwenyekiti akasema, "Inshallah, Fundi, yatengeneze kwanza."

Baba alilishika neno hilo kama ahadi. Mimi nilimsikia mwenyekiti alivyolisema.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Andilana, upande wa pili wa kisiwa, na nyumbani nilirudi siku za mapumziko. Asubuhi moja nilipokuwa napita na kapu la nguo nilimwona daktari wetu wa Mahajanga ameketi mbele ya nanasi. Alikuwa amealikwa harusini. Nilitua kapu, nikaenda, nikamwambia yote, nimesimama, na aproni yangu imelowa. Alifikiri kwanza nimekuja kulaumu. Kisha akafikiri kama daktari.

"Nyuma ya meno ya mbele," alisema. "Mbona hakurudi?"

Nilimweleza mguu. Sikumweleza kwamba ule mji ulikuwa mgumu kurudiwa kuliko mguu. Kesho yake aliomba tupa ndogo na msasa kwenye zahanati ya Hell-Ville, akaja nyumbani kwetu.

Baba alikuwa ametawadha. Alikuwa amesukutua mpaka nikahofia atajichubua. Hakukuwa na damu, hakukuwa na bakuli. Ilikuwa baraza yake. Daktari alikunja suruali yake nzuri, akakaa kwenye mkeka, magoti yake yakigusana na ya baba, akamtazama midomo.

"Leo asome," akaniambia.

Baba akasoma. Daktari alisikiliza, akayatoa meno, akaweka alama ya penseli, akapitisha tupa. Akayarudisha. Baba akasoma tena. Daktari akatoa, akapitisha tupa, akalainisha kwa msasa, akapuliza unga. Chai ya mama ilikuwa bado haijachemka. Mara ya tatu baba alisoma sura ya Kauthar, na tha ikakaa mahali pake. Akasoma sura ya Watu mpaka mwisho, na s zote zilikuwa safi. Akasoma tena, macho yamefungwa.

Daktari alipangusa mikono, amefurahi kweli. "Kumbe ilikuwa ni hilo tu," akasema.

Baba akaniuliza anasemaje. Nilimwambia anasema hongera.

Alivaa kanzu alasiri ileile, akaenda dukani kwa mwenyekiti akichechemea. Nilikwenda naye. Alisoma pale, kati ya majora ya vitambaa, mbele ya wateja wawili. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho na machozi yalimlenga. Hilo lazima niliseme. "Alhamdulillahi," alisema. "Alhamdulillahi, Fundi. Kama zamani." Kisha akapanga upya kitambaa kilichokuwa kimepangika. "Lakini yule kijana ameshaanza. Ametumia miezi kuwatoa watoto ule... ule usomaji. Wazazi wameridhika. Nikiwageuza tena sasa, watasema nini?"

"Mimi ndiye yule aliyekufundisha wewe."

"Najua, Fundi. Lakini watu walishacheka."

Kesho yake, saa ya chuo, baba alimwambia mama atandike mkeka. Mama alitandika. Baba alikaa mahali pake, meno mdomoni, na watoto wakapita njiani wakielekea msikitini, wakamwamkia vizuri, wakaendelea. Nilikaa dirishani. Baada ya muda alipanda ngazi yule binti mdogo aliyekuwa wa kwanza kupiga mluzi siku ya kuhitimisha. Alikuwa amefuata ubao wake, aliouacha kwetu.

Baba aliutafuta katika rundo, akaupata. Hakumpa mara moja. "Nisomee Kauthar," akamwambia.

Binti alianza, mluzi ukamponyoka, akajishika mdomo. "La, si hivyo," akasema mwenyewe. "Hiyo ni ya zamani. Fundi mpya anasema ni makosa." Akasoma upya, ulimi umetoka, tha safi kabisa.

Baba naye akaisoma, polepole, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Binti alimtazama midomo. Uso wake ukachangamka.

"Fundi!" akasema. "Kumbe na wewe umejua!"

"Ndiyo," baba akasema. "Nimejua." Akampa ubao. "Nenda, utachelewa."

Alingoja mpaka mtoto alipopinda kona. Kisha akayatoa meno, ya juu na ya chini, akayashika kiganjani, akaniambia kitu. Sikumwelewa. Ilibidi arudie, na nilipomwelewa alikuwa anasema mkeka ukunjwe.